Hisa za kawi na pesa kwa simu: Yale ambayo watafiti wamebaini

WATAFITI wa uchumi wamekuwa wakichunguza mambo mawili ambayo, kwa mtazamo wa haraka, hayana udugu wowote. La kwanza ni kupanda na kushuka kwa bei za hisa za kampuni za kawi. La pili ni jinsi wananchi wanavyozikumbatia huduma za kifedha kupitia simu za mkononi.

Nchini Kenya, mambo hayo mawili yamekua bega kwa bega. Hisa za kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ziliuzwa kwa umma mwaka 2006, na mwaka uliofuata huduma ya M-Pesa ikazinduliwa. Kutokana na hali hiyo, Kenya imekuwa darasa kwa wanaotaka kujua iwapo teknolojia ya simu inaweza kumfikisha mwananchi wa kawaida katika umiliki wa rasilimali kubwa za taifa.

Swali hilo si la wasomi pekee. Linamhusu mkulima aliyeuza ng'ombe ili anunue hisa, na mama mboga anayenunua stima ya Sh50 kwa simu yake kila jioni.

KAMPUNI ZA KAWI SOKONI

Katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE), kampuni za umeme na mafuta huwekwa katika kundi moja. Kenya Power, ambayo husambaza umeme, ina historia ndefu sokoni humo, nayo serikali inamiliki asilimia 50.1 ya hisa zake. KenGen ilijiunga mwaka 2006, huku serikali ikibakia na asilimia 70.

Kwa upande wa mafuta, kuna kampuni iliyojulikana kwa miaka mingi kama Total Kenya. KenolKobil ilikuwa miongoni mwa hisa zilizopendwa na wawekezaji hadi iliponunuliwa na kampuni ya Rubis ya Ufaransa kwa Sh23 kwa kila hisa na kuondolewa sokoni mwaka 2019. Umeme, ya Uganda, iliorodheshwa Nairobi mwaka 2012, na mkataba wake wa kusambaza stima nchini humo ukakamilika Machi 2025.

Uchache huu wa kampuni ni jambo la kuzingatia. Mtafiti wa New York au London huwa na makumi ya kampuni za kawi za kulinganisha, ilhali wa Nairobi huzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tukio moja katika kampuni moja linaweza kubadilisha matokeo ya utafiti mzima.

FUNZO LA KENGEN

Mauzo ya KenGen yaliamsha sana hamu ya Wakenya kuhusu hisa. Serikali iliuza asilimia 30 ya kampuni hiyo kwa Sh11.90 kwa kila hisa, ikikusudia kupata takriban Sh7.8 bilioni. Maombi yaliyowasilishwa yalikuwa zaidi ya mara tatu ya hisa zilizokuwepo, hivyo wengi walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba na kurudishiwa salio.

Wakati huo hapakuwa na pesa za simu. Wananchi walipanga foleni katika benki na afisi za madalali, wakajaza fomu za karatasi na kulipa kwa hundi au fedha taslimu. Baadhi yao walichukua mikopo.

Hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni Mei 2006, bei ilipanda zaidi ya mara tatu katika siku za mwanzo. Waliouza mapema walivuna. Wale walionunua wakati bei ikiwa kileleni, wakiamini kwamba hisa hazishuki, walikuja kujuta.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na msukosuko wa fedha duniani mwaka 2008 viliporomosha soko zima. Isitoshe, kampuni kadhaa za udalali zilianguka kati ya 2007 na 2009 na kuwaacha wateja wao wakihangaika. Mwaka 2016, miaka kumi baada ya mauzo ya kwanza, KenGen iliwauzia wenyehisa wake hisa za ziada kwa Sh6.55, karibu nusu ya bei ya mwanzo.

NINI HUSUKUMA BEI?

Utafiti kuhusu kawi na masoko una historia ndefu. Mwaka 1983, mwanauchumi James Hamilton wa Marekani alionyesha kwamba karibu kila mdororo wa uchumi wa nchi hiyo tangu Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa umetanguliwa na kupanda kwa bei ya mafuta. Mnamo 1996, Charles Jones na Gautam Kaul walichunguza masoko ya hisa ya Marekani, Canada, Japan na Uingereza. Walibaini kuwa katika nchi mbili za kwanza, wawekezaji walipima athari za mafuta kwa kuangalia mapato halisi ya kampuni. Japan na Uingereza, bei ziliyumba kuliko ilivyoweza kuelezwa kwa mapato hayo.

Baadaye, mwaka 2009, Lutz Kilian na Cheolbeom Park walionya kwamba haitoshi kujua kuwa mafuta yamepanda. Ni sharti kujua yamepanda kwa nini. Bei ikipanda kwa sababu uchumi wa dunia unanawiri, hisa zinaweza kupanda nayo. Ikipanda kwa hofu ya uhaba, hisa huumia.

Utafiti unaokaribia zaidi mada hii ni ule wa Irene Henriques na Perry Sadorsky wa Canada, uliochapishwa mwaka 2008. Wawili hao walichunguza hisa za kampuni za kawi mbadala, kama vile za jua na upepo. Watu wengi walidhani hisa hizo hufuata bei ya mafuta. Walichokipata ni kwamba ziliathiriwa zaidi na mwenendo wa hisa za kampuni za teknolojia.

Yaani, mbele ya mwekezaji, kampuni ya sola ilifanana zaidi na kampuni ya kompyuta kuliko na kisima cha mafuta. Huo ni mmoja wa misingi ya kuuliza iwapo teknolojia nyingine, ikiwemo ya pesa kwa simu, ina mkono katika bei za hisa za kawi.

MVUA, DOLA NA SERIKALI

Nchini Kenya, hata hivyo, mizani huelemea kwingine. Kwa miaka mingi umeme ulitegemea mabwawa ya Mto Tana, yakiwemo Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukame ulipobisha hodi, kama ilivyokuwa kati ya 1999 na 2001, stima iligawiwa kwa zamu na uchumi ukazorota. Uchimbaji wa mvuke wa ardhini huko Olkaria umepunguza utegemezi huo, lakini haujaumaliza.

Jambo la pili ni thamani ya shilingi. Mikataba mingi ya kununua umeme imeandikwa kwa dola na yuro, ilhali mteja hulipa kwa shilingi. Shilingi ilipodhoofika hadi takriban 160 kwa dola moja Januari 2024, hisa ya Kenya Power ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya Sh2. Katika mwaka wa kifedha uliokamilika Juni 2023, kampuni hiyo ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya Sh3 bilioni.

Shilingi ilipoimarika hadi takriban 130 kuanzia Februari 2024, mambo yaligeuka. Kenya Power ilitangaza faida ya takriban Sh30 bilioni kwa mwaka uliokamilika Juni 2024 na kurejelea kuwalipa wenyehisa mgao wa faida, baada ya kiangazi cha miaka kadhaa. Mwaka 2025, bei ya hisa hiyo ilipita Sh10.

Jambo la tatu ni serikali yenyewe. Ndiyo mwenyehisa mkuu wa KenGen na Kenya Power, na wakati huohuo taasisi zake ndizo hupanga ada za umeme na, tangu Desemba 2010, bei za juu zaidi za petroli, dizeli na mafuta taa. Uamuzi wa kumpunguzia mwananchi bei ya stima unaweza kumpunguzia mwenyehisa mapato. Mara nyingi watu hao wawili huwa ni mtu mmoja.

SAFARI YA PESA KWA SIMU

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 jijini Nairobi na Thika, yakiongozwa na kampuni ya Vodafone ya Uingereza kwa ushirikiano na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Serikali ya Uingereza ilichangia sehemu ya gharama. Wataalamu wawili wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa mstari wa mbele.

Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wakabuni matumizi yao: walianza kutumiana pesa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kuisha, zaidi ya wateja milioni moja walikuwa wamejisajili.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa mageuzi hayo. Kwa mujibu wa utafiti wa FinAccess, ambao hufanywa kila baada ya miaka michache, asilimia 26.7 pekee ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha mwaka 2006. Kufikia 2019 walikuwa asilimia 82.9, na mwaka 2024 wakafika asilimia 84.8.

Hatua iliyofuata ilikuwa benki kamili ndani ya simu. Huduma ya M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, ilimwezesha mteja kuweka akiba na kukopa bila kukanyaga katika jumba la benki. KCB M-Pesa ilifuata mwaka 2015, na Fuliza mwaka 2019.

KWA NINI WATU HUKUBALI

Wasomi wamebuni nadharia kadhaa za kueleza sababu za watu kuikubali teknolojia mpya. Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alieleza kwamba uvumbuzi huenea kwa mawimbi: wachache wenye ujasiri hutangulia, wengi hufuata, na wenye shaka huja mwisho. Mwaka 1989, Fred Davis alisisitiza mambo mawili, yaani manufaa ambayo mtu anayaona na urahisi wa kutumia.

M-Pesa ilitimiza yote mawili. Ilifanya kazi kwenye simu ya bei nafuu, na mawakala walikuwa katika maduka ambayo mteja aliyazoea. Si ajabu kwamba wazee wasiowahi kumiliki akaunti ya benki waliifahamu haraka.

Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Tavneet Suri na William Jack. Katika makala yao ya 2014, walifuatilia familia katika kipindi ambacho watumiaji waliongezeka kutoka asilimia 43 hadi 70 ya familia hizo. Waligundua kwamba familia zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na janga, kama vile ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalipungua kwa asilimia 7. Matumizi ya familia zilizotumia M-Pesa hayakutikisika, kwa kuwa jamaa na marafiki waliwatumia msaada.

Mwaka 2016, wawili hao walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imeziondoa familia 194,000, au asilimia 2 ya familia zote nchini, katika umaskini. Pia walikadiria kwamba wanawake 185,000 waliacha kilimo cha kujikimu na kugeukia biashara.

Hitimisho hilo halikupita bila kupingwa. Mnamo 2019, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere walihoji mbinu zilizotumika na kudai kwamba utafiti huo haukuzingatia vya kutosha biashara zinazoanguka na mzigo wa madeni. Mjadala huo ungalipo.

MAHALI NJIA ZINAPOKUTANA

Uhusiano wa wazi zaidi baina ya kawi na simu ni malipo. Mteja wa Kenya Power mwenye mita ya malipo ya kabla hununua tokeni kwa simu, saa yoyote. Kampuni hupata pesa kabla ya umeme kutumika, badala ya kumwandama mteja mwenye deni. Kwa mwekezaji, mapato yanayoingia mapema yana uzito wake.

Njia ya pili ni sola. Kampuni ya M-Kopa, ambayo Hughes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilianza biashara nchini mwaka 2012. Mteja alilipa kianzio, kisha takriban Sh50 kwa siku kupitia simu. Asipolipa, mtambo ulizimwa kutoka mbali; akikamilisha malipo, ulikuwa wake. Bila pesa za simu, gharama ya kukusanya Sh50 kutoka kijiji cha mbali ingekuwa kubwa kuliko Sh50 zenyewe.

Hapo ndipo matokeo ya Henriques na Sadorsky yanapopata maana humu nchini. Kawi mbadala iliingia mashambani ikiwa imebebwa na teknolojia ya simu. Hata hivyo, kampuni kama hizo hazijaorodheshwa NSE, kwa hivyo ustawi wao hauonekani katika bei za hisa za Nairobi.

Njia ya tatu ni uwekezaji. Machi 2017, serikali ilizindua M-Akiba, bondi ya kugharimia miundomsingi iliyouzwa kwa simu kwa kiwango cha chini cha Sh3,000, kwa riba ya asilimia 10 isiyotozwa ushuru. Toleo la majaribio la Sh150 milioni lilinunuliwa lote. Toleo lililofuata mwaka huohuo lililenga Sh1 bilioni, lakini likapata takriban robo tu ya kiasi hicho.

Tofauti hiyo ina funzo. Simu iliondoa kikwazo cha foleni na fomu, lakini haikumpa mwananchi akiba ambayo hakuwa nayo, wala haikumwondolea hofu katika mwaka wa uchaguzi. Agosti 2025, NSE iliondoa kikwazo kingine ilipoanza kuruhusu ununuzi wa hisa moja moja. Awali, aliyetaka kununua katika soko la kawaida alilazimika kuchukua angalau hisa 100.

MTEGO WA TAKWIMU

Wanaochunguza uhusiano wa bei za hisa na matumizi ya benki za simu hukabiliwa na mtego mkubwa. Vitu viwili vinavyobadilika wakati mmoja vinaweza kuonekana kuwa na uhusiano hata kama havijuani.

Mfano bora ni Machi 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa tarehe 13 mwezi huo, na bei za hisa zikaporomoka. Bei ya mafuta duniani pia ilianguka. Tarehe 16, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutuma hadi Sh1,000 kwa simu ili kupunguza matumizi ya noti na sarafu, na matumizi ya huduma hizo yakaongezeka.

Mtu anayetazama jedwali pekee angesema kwamba hisa za kawi zikishuka, Wakenya hukimbilia pesa za simu. Ukweli ni kwamba janga moja lilisukuma yote matatu.

Ili kuepuka mtego huo, watafiti hutumia mbinu iliyobuniwa na Clive Granger mwaka 1969, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2003. Mbinu hiyo huuliza iwapo habari za jana kuhusu kitu kimoja zinasaidia kutabiri hali ya leo ya kitu kingine. Lakini kutangulia si kusababisha. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, na wahenga walisema awike asiwike kutakucha.

Mbinu nyingine ni kutafuta tofauti isiyotokana na uamuzi wa watumiaji wenyewe. Suri na Jack, kwa mfano, walizingatia jinsi mtandao wa mawakala ulivyopanuka, wakilinganisha waliofikiwa mapema na waliochelewa kufikiwa.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la Nairobi hasa. Safaricom peke yake imewahi kuwa na zaidi ya theluthi moja ya thamani ya soko zima la hisa, na M-Pesa imekuwa chanzo chake kikuu cha mapato. Mtafiti anayelinganisha hisa za kawi na faharisi ya soko tayari ameiingiza M-Pesa katika hesabu zake, huenda bila kujua. Uhusiano atakaoupata unaweza kuwa kivuli cha Safaricom tu.

MAANA YAKE KWA MWANANCHI

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, hakuna msingi wa kudai kwamba kuenea kwa benki za simu kwenyewe hupandisha au kushusha hisa za kawi nchini. KenGen iliuza hisa kwa Sh6.55 mwaka 2016 wakati ambapo huduma za simu zilikuwa zimestawi mno. Kenya Power ilifufuka 2024 kwa nguvu za shilingi zaidi ya kitu kingine.

Pili, simu imebadilisha jinsi kawi inavyolipiwa, na hilo huathiri mapato ya kampuni polepole. Athari za aina hiyo hazionekani kwa siku moja, bali kwa miaka.

Tatu, simu imepunguza gharama ya kuingia sokoni, lakini hatari iliyo ndani ya soko haijapungua. Mwananchi wa 2006 alilazimika kupanga foleni, na foleni hiyo ilimpa muda wa kutafakari. Wa leo anaweza kukopa kwa simu na kuziweka pesa hizo mahali pa hatari kabla chai haijapoa. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na ni hisa chache mno zinazoweza kuahidi faida ya kiwango hicho kwa mwezi.

Anayetaka kununua hisa za kawi hana budi kujiuliza maswali yaleyale ambayo watafiti hujiuliza. Je, kampuni inadaiwa kwa sarafu gani? Mvua zikikosa, itazalisha umeme kwa nini? Ni nani hupanga bei ya bidhaa yake, na je, mgao wa faida umelipwa miaka iliyopita?

Majibu ya maswali hayo hupatikana katika ripoti za kila mwaka ambazo kampuni zilizoorodheshwa hulazimika kuzichapisha. Siku hizi ripoti hizo pia husomwa kwa simu.